Nusu Nyingine ya Keki

Saa kumi na mbili asubuhi, ukishuka kuelekea steji ya matatu pale Umoja, Nairobi, vibanda vya chai vimeshaanza kufuka moshi. Ndani ya karai mafuta yanachemka, na juu yake vinaelea vidonge vya unga, kila kimoja kimepasuka ufa mgongoni na kuiva rangi ya hudhurungi. Unapewa kimoja kwenye kipande cha gazeti, pamoja na kikombe cha chai ya moto isiyoshikika. Hafu keki. Nimeila tangu nikiwa darasa la kwanza, na miaka yote hiyo sijamsikia mtu akiuliza swali lililo wazi: kama hii ni nusu ya keki, nusu nyingine iko wapi?

Nimekuja kukujibu. Nusu nyingine iko nyumbani kwako, na imekungoja muda mrefu.

Mwulize mama wa kibanda ameweka nini kwenye hafu keki zake. Atakutajia bila kuinua macho: unga wa ngano, sukari, majarini, yai, maziwa kidogo na beking poda. Sasa tafuta mapishi ya keki ya kawaida, ile inayokatwa harusini huku watu wakipiga vigelegele. Unga wa ngano, sukari, majarini, mayai, maziwa, beking poda. Vipimo vinatofautiana, majina ni yale yale. Kinachozitenganisha ni joto. Ya kibandani huivia ndani ya mafuta. Keki nzima hutaka joto kavu, lililofungiwa, linaloizunguka pande zote. Ukimudu kulifungia joto, umeipata nusu iliyobaki.

Kutoka Kaloleni hadi Kayole, kutoka Jericho hadi Dandora, mitaa imejaa mikono inayojua kukanda, kupima kwa jicho, na kusikia kwa kidole kwamba unga umekubali. Lakini wenye mikono hiyo wamejiaminisha kwamba keki ni kazi ya watu wa upande ule mwingine wa mji, wenye jiko la vigae na friji inayong'aa. Leo nataka kugombana na maneno hayo, na sitaki kugombana kwa matusi. Nataka tugombane kwa sufuria.

"Sina oveni"

Hiki ndicho kisingizio cha kwanza, na nimekisikia kwa watu wenye akili zao timamu. Oveni ni nini? Ni sanduku linalofungia joto. Kama una sufuria kubwa na kifuniko chake, una sanduku.

Mwulize nyanya yeyote wa Majengo, Pumwani, mtaa uliokuwepo tangu miaka ya 1920. Atakueleza mkate wa sinia ulivyookwa Pwani vizazi na vizazi: mchele uliosagwa, tui la nazi, sukari, hamira na iliki, kisha makaa chini ya sinia na makaa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini, na mkate katikati unaumuka kwa amani. Hakuna aliyengoja stima. Hakuna aliyesema atapika siku atakapohama.

Kisha nenda Kamukunji. Nyundo zinalia tangu asubuhi, na mabati ya mapipa yanageuzwa kuwa majiko, masanduku na karai. Lile jiko lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake, ambalo limetapakaa Nairobi tangu miaka ya 1980, ni kazi ya mafundi wa jua kali. Mwambie fundi unataka bati la keki, mviringo, lenye mdomo wa upana huu na kimo cha kidole chako cha kati. Atapima, atakata, atakunja, na utaondoka nalo. Siku ukitaka oveni ya makaa atakuundia pia, lakini usianze na hiyo. Anza na sufuria. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vyetu huundwa mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani.

Robo nne

Kisingizio cha pili ni vipimo. Watu huona "gramu" kwenye kitabu wakafikiri wamealikwa maabara. Basi nikupe keki ambayo duka la jirani lilishaipima kabla hujazaliwa.

Waingereza wa karne ya 18 walikuwa na keki rahisi kupindukia: ratli moja ya unga, ratli moja ya siagi, ratli moja ya sukari, ratli moja ya mayai. Wakaiita keki ya ratli. Wafaransa wana ndugu yake, nao huiita quatre-quarts, yaani robo nne. Robo nne! Hilo ni neno la kaunta ya duka la Kayole. Nani kati yetu hajawahi kutumwa robo ya sukari?

Yai moja la kawaida, bila ganda, lina uzito wa karibu gramu 50. Mayai matano ni gramu 250, yaani robo kilo. Kwa hiyo keki yako ni hii: robo ya unga, robo ya sukari, robo ya majarini na mayai matano. Huhitaji kitabu. Ukiwa na mfuko mwembamba, gawa kati: mayai mawili au matatu, na nusu robo ya kila kitu. Keki itakuwa ndogo, lakini itakuwa keki. Uchumi wa kadogo, yaani kununua kidogo kidogo, ambao tumezoea kuuonea haya, ndio uliokufundisha uwiano huu bila wewe kujua.

Nilipokwenda dukani mara ya kwanza na hesabu hii kichwani, mwenye duka alinikazia macho.

"Robo ya sukari, robo ya unga, kimkebe cha majarini na mayai matano. Leo kuna bathdei, dada?"

"Leo kuna Jumamosi," nikamjibu.

Kabla ya mengine, tia mayai yako kwenye bakuli la maji. Yai jipya huzama na kulala. Likielea, limezeeka, lirudishe ulikolitoa.

Mikono kazini

Weka sufuria kubwa yenye kitako kizito juu ya jiko au meko. Mimina mchanga safi, uliooshwa ukakauka vizuri, kimo cha vidole viwili. Chumvi nayo hufaa, na utaitumia tena na tena kwa kuokea. Funika, uache ipate moto wa wastani kwa dakika kumi hadi kumi na tano huku ukichanganya rojo.

Majarini na sukari ndivyo vinavyotangulia. Koroga kwa mwiko na usikilize. Mwanzoni sukari inakwaruza bakuli kama miguu juu ya changarawe. Endelea. Baada ya dakika kumi sauti inapungua, rangi ya njano inafifia kuelekea weupe, na mchanganyiko unakuwa mwepesi kama povu. Umekwisha kuingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayoinua keki yako. Anayekoroga dakika mbili akachoka atakula tofali.

Tia mayai moja baada ya jingine, ukikoroga kila mara. Mchanganyiko ukianza kukatikakatika, usitishike. Ongeza kijiko cha unga nao utarudi. Kwangua ganda la limau moja, au twanga punje chache za iliki, uongeze. Hiyo ndiyo harufu itakayowaleta majirani mlangoni.

Chekecha unga pamoja na beking poda kidogo, kisha uuchanganye kwa upole, mizunguko michache tu mpaka usiuone weupe. Hapa ndipo wapika chapati hujikwaa. Unga wa ngano ukikandwa sana hujenga nyuzi za kunyumbuka. Nyuzi hizo ni fahari ya chapati na adui wa keki. Zuia mkono wako. Rojo likiwa zito mno, lilegeze kwa maziwa kidogo.

Paka sufuria ndogo majarini, inyunyizie unga, mimina rojo lisipite theluthi mbili. Iteremshe juu ya mchanga wa moto, funika sufuria kubwa, na kama unatumia makaa weka vipande vichache vyenye moto juu ya kifuniko. Punguza moto wa chini. Kisha kaa. Usifunue kabla ya dakika 40. Keki ya robo nne huchukua kama dakika 50 hadi saa nzima. Chomeka njiti safi katikati, na ikitoka kavu, imeiva.

Neno moja ambalo si la mzaha: makaa yatumie nje, au mahali penye hewa ya kupita. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Keki haina haraka ya kukuua. Okea koridoni kwenye upepo, au uani.

Mji huu uko juu

Sasa nikupe siri ambayo kitabu cha ng'ambo hakikukuambia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji huchemka kwenye kama nyuzi 94 badala ya 100. Kwenye hewa nyepesi, gesi ya beking poda hutanuka haraka kuliko Mombasa. Keki inapanda kwa kishindo, inafika juu kabla ukuta wake haujakomaa, kisha inaporomoka katikati.

Nawajua watu walioacha kuoka kwa sababu hiyo. Walifuata maagizo neno kwa neno, keki ikazama, wakahitimisha kwamba mikono yao ni mibaya. Mikono yao ilikuwa mizuri. Maagizo yaliandikwa na mtu anayeishi karibu na bahari. Kama yanasema vijiko viwili vya chai vya beking poda, tia kimoja na nusu, na uongeze kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Ukinunua unga uliokwisha kutiwa beking poda kiwandani, usiongeze kabisa.

Hiyo beking poda yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mapenzi na shida ya nyumbani. Mwaka 1843, mfamasia mmoja wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Alfred Bird, alikuwa na mke ambaye tumbo lake halikupatana na hamira. Bird hakuwa mwoka mikate. Alikuwa na duka la dawa na mtu aliyetaka ale vizuri. Akachanganya, akajaribu, mpaka unga ukaumuka bila hamira. Kijiko unachokitia leo kimetoka kwa mume aliyekataa kusema "haiwezekani" mbele ya meza yake mwenyewe.

Keki yangu ya kwanza

Yangu ilizama. Nilikuwa na furaha mno, nikafunua kifuniko dakika ya 15, nikafunua tena dakika ya 20 kwa sababu watoto wa ploti walikuwa wamejipanga mlangoni wakiuliza kama bado. Joto likatoka lote. Nilipoipakua, katikati yake palikuwa na shimo kama lile la barabara yetu baada ya mvua ya Aprili, na chini ilikuwa imeungua kidogo.

Nilitaka kuitupa. Mama akachukua kisu, akakwangua sehemu nyeusi, akakata vipande, akachemsha chai. Shimo akalijaza ndizi mbivu zilizopondwa. Watoto walimaliza mpaka vumbi lake. Mmoja aliuliza kama kesho nitaoka "ile yenye bonde".

Siku ile nilijifunza sheria ambayo bado naishika: keki iliyozama huliwa, keki isiyookwa hailiwi. Hesabu hasara ya keki iliyoharibika. Ni robo nne na saa moja ya moto. Sasa hesabu hasara ya miaka kumi ya kusema "siku moja nitajaribu".

Kumbuka 2020. Machi shule zilifungwa, na tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza. Tarehe 6 Mei Eastleigh ikafungiwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kazi nyingi zilipotea wiki hizo. Na katikati ya hofu ile, koridoni mwa ploti zetu mkaanza kunuka vanila. Watu ambao hawakuwahi kuoka walioka, wengine kwa sufuria na mchanga, na baadhi yao hawajaacha mpaka leo. Hawakuwa na vifaa vipya. Walikuwa na muda, na visingizio vilikuwa vimewaishia. Kwa nini tungoje janga jingine litunyang'anye visingizio?

Na pai je?

Pai ni rahisi kuliko keki, ila tumeizoea ikiwa nyuma ya kioo cha hoteli, ikipashwa moto kwa taa, ndipo tukaiogopa. Uwiano wake ni mmoja: unga mara mbili ya mafuta. Nusu kilo ya unga kwa robo ya majarini, chumvi kidogo, maji baridi. Vunjavunja majarini ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga za mkate, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo mpaka ushikane. Usikande. Uache upumzike nusu saa mahali pa baridi.

Ndani weka ulicho nacho. Nyama ya kusaga iliyokaangwa na kitunguu na dania mpaka mchuzi ukauke. Ndengu za jana, zilizokaushwa vizuri na kutiwa bizari. Maembe ya msimu, au nanasi lililopikwa na sukari kidogo. Ndizi zilizoanza madoa meusi, ambazo mama mboga hukupunguzia bei jioni pale soko la Mutindwa, ni tamu kuliko zile ngumu na hazidai sukari nyingi. Pai hupenda moto wa juu, kwa hiyo makaa ya kifunikoni ni lazima. Kama huna, kunja pai ndogo za nusu duara, ukandamize kingo kwa uma, uzigeuze katikati ya safari zipate rangi pande mbili.

Daftari la hesabu

Si lazima uuze. Watoto wetu siku ya kuzaliwa humwagiwa maji ndoo kwa ndoo, na mara nyingi sherehe huishia hapo, nguo zikianikwa. Keki ya robo nne mezani inatosha kuwa sababu.

Lakini ukitaka kuuza, uza ukiwa na daftari. Andika kila kitu: unga, mayai, makaa au gesi, nauli, sanduku la kubebea, hata limau. Tuseme vitu vimekula shilingi 400, makaa 50 na sanduku 50. Ukimwuzia jirani kwa 500 kwa sababu ni rafiki, umempa keki kwa bei ya vitu na kazi yako bure. Urafiki unalindwa na bei iliyo wazi. Tia mkono wako ndani ya hesabu.

Wateja wako karibu kuliko unavyodhani. Chama chenu hukutana kila mwezi na kunywa chai kavu. Kanisani siku ya harambee keki hupigwa mnada, na nimeshuhudia keki moja ikinunuliwa mara tatu ikirudishwa mezani kila mara. Stejini kuna makondakta wenye njaa saa nne asubuhi, na kipande kilichofungwa vizuri hakiwachafui mikono. Piga picha mchana, kwenye mwanga wa dirisha, uiweke kwenye status ya WhatsApp. Malipo yataingia kwa M-Pesa, nayo itakuwekea kumbukumbu daftari likisahau. Biashara ikikomaa, chukua leseni ya kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ili siku afisa akibisha, mlango uufungue ukitabasamu.

Na wewe kijana wa kiume unayesoma haya ukifikiri hayakuhusu: miongoni mwa waokaji wa mikate viwandani, mikate unayoila kila siku, wamo wanaume. Mwiko hauulizi jinsia.

Jumamosi hii

Usiahidi mwaka mpya. Chukua Jumamosi hii. Ijumaa jioni osha mchanga na uuanike. Asubuhi tuma robo nne. Saa nne washa jiko, saa tano teremsha sufuria, na tangu hapo simu iwe mbali na kifuniko kisifunuliwe mpaka dakika 40 zipite.

Ikizama, jaza ndizi. Ikiungua, kwangua. Ikisimama, kata vipande, na kabla hujampa mtu mwingine, funga kimoja kwenye kipande cha gazeti, ushuke nacho mpaka kibandani, kwa yule mama ambaye amekulisha hafu keki miaka yote hii kabla jua halijachomoza. Mpe aonje. Atatafuna polepole kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenziwe, atanyamaza kidogo, kisha atakuuliza umeweka nini humu ndani.

Mwambie ukweli: vile vile unavyoweka wewe.